Kabla Hujanunua Mtambo: Kupunguza Gharama za Moto, Umeme na Maji

Mteja anayenipigia simu kwa mara ya kwanza huwa ameshaamua anachotaka. Anataka paneli za sola, au bayogesi, au ameona pampu mahali fulani na sasa anaulizia bei. Mimi ni fundi, na kufunga mitambo hiyo ndiyo riziki yangu. Hata hivyo, ombi langu la kwanza kwake ni kwamba asinunue kitu kwa mwezi mmoja. Mwezi huo tunautumia kupima. Anayenunua kabla ya kupima huishia na mtambo mkubwa kuliko shida yake, kwa sababu mtambo huo unabeba mahitaji yake pamoja na hasara zake zote, na zote anazilipia mara moja.

Utaratibu wangu haubadiliki, iwe ni nyumba ya vyumba viwili, karakana au shamba. Pima kwanza. Ziba panapovuja. Halafu angalia upya unapata joto kwa njia gani, maana huko ndiko pesa nyingi zinakoishia. Kuzalisha umeme wako mwenyewe kunakuja mwisho. Ndiyo hatua ghali kuliko zote, na kila unachookoa kabla yake kinaipunguza.

Mita inasema mengi

Mita nyingi za umeme za kisasa zina kitaa kidogo kinachowaka na kuzima, na pembeni yake pameandikwa imp/kWh, mara nyingi 1000 au 1600. Maana yake ni kwamba kikiwaka mara 1000 (au 1600) umetumia uniti moja. Chukua saa, hesabu sekunde kati ya mwako mmoja na unaofuata. Kama mita ni ya 1000, gawa 3600 kwa sekunde hizo, na jibu ni wati unazotumia wakati huohuo. Kama ni ya 1600, gawa 2250.

Fanya hivi usiku, baada ya kuzima kila kitu kama unavyozima siku zote kabla ya kulala. Usichomoe plagi yoyote bado. Tuseme kitaa kinawaka kila baada ya sekunde 36. Hizo ni wati 100, nyumba ikiwa imelala. Wati 100 mchana na usiku kwa mwaka mzima ni uniti 876. Sasa anza kuchomoa kimoja kimoja, ukirudi kwenye mita kila mara. Ninachokuta mara kwa mara ni king'amuzi kisichozimwa kabisa, friji la zamani, hita ya maji isiyo na taima, na pampu ya presha inayojiwasha usiku kucha kwa sababu kuna koki inadondosha. Friji huwaka na kuzima lenyewe, kwa hiyo usilihukumu kwa dakika moja. Lipe saa nzima.

Maji ni rahisi zaidi. Soma mita ya maji kabla ya kulala, soma tena asubuhi kabla mtu hajagusa koki. Namba zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Mshukiwa wa kwanza ni tangi la choo: weka rangi ya chakula ndani ya tangi, subiri nusu saa bila kuvuta maji, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba ya ndani imechoka.

Kuni, mkaa na gesi vinapimwa kwa mizani. Weka mtungi wa gesi kwenye mizani kila wiki siku ileile, andika. Wenye biashara nawaomba waongeze safu moja zaidi katika daftari: kazi iliyofanyika. Bili ya dobi haina maana ukiisoma peke yake. Uniti kwa kila kilo ya nguo zilizofuliwa ndiyo namba ya kufuatilia, kwa sababu bili ikipanda pamoja na kazi hakuna kilichoharibika. Ikipanda kazi ikiwa ileile, kuna kifaa kinaumwa.

Joto: hapa ndipo pa kukaa

Watu huogopa taa na televisheni, na hita ya maji wanaiacha. Hesabu iko wazi. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunakula karibu uniti 4.7 za umeme. Taa ya LED ya wati 8 ingewaka saa 587 kwa umeme huohuo.

Nilifanya kazi katika nyumba ya kulala wageni ambayo mwenyewe alitaka sola kubwa ya umeme ili imudu hita zake. Kabla ya kuzungumzia paneli nilichukua kipimajoto na ndoo. Maji kwenye tangi la hita yalikuwa nyuzi 70. Kwenye bafu la mwisho wa korido, baada ya kuyaacha yatiririke mpaka yakatulia, yalitoka nyuzi 52. Bomba lilikuwa limepita juu ya dari, tupu, halina hata kitambaa, na kule darini ulikuwa ukilishika unaondoa mkono. Alikuwa analipa kupasha moto hewa ya darini. Tulilivalisha bomba lote sponji ya mabomba, tukafunga vichwa vya bafu vinavyotoa maji machache, tukaweka taima ili hita isiwake saa za usiku ambazo hakuna anayeoga. Baada ya hapo ndipo tulipokaa kuzungumzia sola, na hata hapo tulifunga hita ya maji ya jua, si paneli za umeme. Jua linapasha maji moja kwa moja kwa ufanisi mkubwa kuliko kuligeuza kwanza kuwa umeme halafu kuurudisha umeme kuwa joto.

Ukifunga hita ya jua inayojizungusha yenyewe bila pampu, zingatia jambo moja ambalo mafundi wengi hulipuuza: kitako cha tangi kikae juu ya ukingo wa juu wa paneli, walau sentimita 30. Maji ya moto hupanda na ya baridi hushuka, na mzunguko wote unategemea hilo. Tangi likikaa chini, usiku mzunguko unageuka, na maji uliyoyapasha mchana yanaenda kupoa juu ya paa. Halijoto ya tangi ifike nyuzi 60, kwa sababu bakteria wa Legionella hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Jikoni kuna namba mbili ninazowaambia wapishi wote. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 336 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 2257, karibu mara 7. Kwa hiyo sufuria inayotokota kwa fujo bila mfuniko inateketeza mafuta au kuni kwa kutengeneza mvuke, na chakula hakiivi haraka hata kidogo, maana maji yanayochemka hayapandi joto zaidi hata ukiongeza moto. Funika. Yakishachemka, punguza moto mpaka uone vijipovu vichache tu. Hii ni teknolojia ya bure na inafanya kazi leo jioni.

Ukikubali hoja hiyo, kapu la joto linaeleweka lenyewe. Chakula kikishafika kuchemka hakihitaji moto tena. Kinahitaji kubaki na joto lake. Tafuta kapu au sanduku lenye nafasi ya sentimita 10 kuzunguka sufuria pande zote, chini na juu. Jaza nafasi hiyo kitu kinachoshika hewa: majani makavu, sufi, vipande vya godoro, blanketi kuukuu. Tengeneza mto mnene wa kufunikia. Sufuria iwe imejaa walau theluthi mbili, kwani chakula kidogo hupoa upesi. Punguza maji ya kupikia kwa robo hivi, kwa kuwa hayatapotea kwa mvuke.

Maharage ndiyo mtihani mzuri wa kapu. Yaloweke usiku, mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha kwa nguvu dakika 10 hadi 15 ukiwa umefunika, kisha hamishia sufuria kwenye kapu bila kufunua mfuniko na uiache saa 4 au zaidi. Dakika 10 za kuchemka sawasawa si za kuruka. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi. Usifunue kuchungulia. Na kabla ya kupakua, rudisha sufuria motoni mpaka ichemke tena, hasa ikiwa imekaa muda mrefu, kwa kuwa chakula kikishuka chini ya nyuzi 60 vijidudu huanza kuzaliana. Moto wa saa mbili umegeuka kuwa moto wa dakika 20.

Kwa wanaopikia kuni, kuna jiko la roketi, ambalo kanuni zake zilipangwa na Mmarekani Larry Winiarski miaka ya 1980, na mimi nalipenda kwa sababu mtu anaweza kulijenga kwa vipimo badala ya kubahatisha. Ndani lina umbo la herufi L: mlango wa kuni ulalo, dohani fupi wima. Kwa sufuria ya kawaida ya familia, mlango na dohani viwe na upana wa sentimita 12, na dohani ipande kiasi cha mara mbili na nusu hadi tatu ya upana wake. Upana usibadilike popote; pakibanwa, moto unakosa hewa na moshi unarudi mlangoni. Kuni zilale juu ya kibati kinachogawa mlango, ili hewa ipite chini yake na kufika kwenye ncha inayowaka. Kuzunguka dohani jaza kitu chepesi chenye vinyweleo, kama majivu makavu au mawe mepesi ya volkano yaliyopondwa. Hapa watu hukosea wakaweka udongo mzito na mchanga, wakidhani unene ndio unaozuia joto. Udongo mzito hunyonya joto kwanza, na sufuria inasubiri jiko lipate moto.

Kati ya dohani na kitako cha sufuria acha sentimita 3. Izungushie sufuria bati lililoachana nayo kwa sentimita moja hivi, ili hewa ya moto ipande ikisugua ubavu wa sufuria. Pasua kuni ziwe nyembamba na zikauke kabisa. Moto wa mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Jiko hili likijengwa vizuri hufikia 25 hadi 35. Moshi nao hupungua sana, na hilo kwangu lina uzito sawa na akiba, maana mapafu ya anayepika hayana bili ya kukumbusha.

Mwenye umeme wa uhakika ana njia nyingine mbili nzuri: presha kuka ya umeme, ambayo imezungushiwa kizuia joto na hujizima, na jiko la induksheni, ambalo asilimia 80 hadi 90 ya umeme wake huingia kwenye sufuria. Gesi ya wazi mara nyingi haivuki 40.

Hesabu ya kurudisha pesa

Chukua bei ya kifaa, ongeza gharama ya kukifunga, gawa kwa kiasi utakachookoa kwa mwaka baada ya kutoa matengenezo. Unapata miaka. Kisha linganisha na umri wa kifaa chenyewe. Betri inayohitaji miaka 6 kurudisha pesa na inayokufa baada ya miaka 4 ni hasara, hata muuzaji aongee vipi. Akiba itoke kwenye daftari lako la mwezi wa kupima. Karatasi ya muuzaji haijui unavyoishi.

Sola, sasa

Orodhesha vifaa, wati na saa. Nyumba moja ninayoweza kuitolea mfano: taa 6 za LED za wati 8 kwa saa 5, wati-saa 240. Televisheni ya wati 50 kwa saa 4, 200. Feni ya wati 40 kwa saa 6, 240. Simu nne, 40. Friji dogo lenye ufanisi, 600 kwa siku. Jumla ni wati-saa 1320.

Mfumo hupoteza njiani: kwenye nyaya, betri, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani), joto la paneli. Gawa kwa 0.7, unapata 1886. Sasa gawa kwa saa za jua kamili za mwezi wako mbaya kuliko yote, si wastani wa mwaka. Saa ya jua kamili ni saa moja ya mwanga wa wati 1000 kwa kila mita ya mraba. Kama mwezi huo ni saa 4.5, unahitaji wati 419 za paneli, basi nunua 450.

Hebu tazama nyumba hiyohiyo ingekuwa na balbu za zamani za wati 60. Taa 6 kwa saa 5 ni wati-saa 1800, kuzidi vifaa vyote nilivyotaja kwa pamoja, na mfumo wa sola ungekuwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu nasisitiza taa kwanza. LED nyeupe tunazotumia zimewezekana kwa sababu ya LED ya buluu, ambayo wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Sijui uvumbuzi mwingine wa umeme ulioipunguzia nyumba ya kawaida bili kirahisi kiasi hicho.

Betri ya asidi usiimwage zaidi ya nusu, ukitaka ikae. Kwa wati-saa 1320 za siku moja, inatakiwa iwe na 2640. Ya lithiamu chuma fosfati huvumilia kumwagwa hadi asilimia 80, kwa hiyo 1650 zinatosha, na hudumu mizunguko mingi zaidi. Ila isichajiwe ikiwa baridi imeshuka chini ya nyuzi 0. Ukitaka akiba ya siku mbili zisizo na jua, zidisha. Inveta iangaliwe kwa friji: mota ikianza kuwaka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na inveta ndogo itakuwa inakata kila mara.

Paneli za silikoni hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja juu ya 25, hivyo usizilaze juu ya bati. Acha nafasi ya hewa ya sentimita 10 au zaidi. Elekeza upande wa ikweta. Kivuli cha tawi moja au waya wa antena juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini safu nzima, kwa hiyo tembelea paa asubuhi, mchana na alasiri kabla ya kutoboa. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Na nyaya za volti 12 ziwe fupi na nene, ama hamia volti 24: mkondo unapungua nusu, na kinachopotea kwenye waya kinabaki robo. Kuunganisha na umeme wa gridi mwachie fundi mwenye leseni.

Karakana, duka, kiwanda kidogo

Kwa biashara nitakuwa mfupi, kwani karibu kila mara kuna mambo matatu. Majokofu: bana karatasi mlangoni, ukiivuta ikatoka bila kukwama, mpira wa mlango umekwisha, safisha vumbi kwenye koili ya nyuma, liweke nyuzi 4 kwa friji na -18 kwa friza. Friza la kufunguka juu hushika baridi vizuri kuliko la mlango wa mbele, kwa vile hewa baridi ni nzito na haimwagiki. Kompresa ya hewa: iache imewashwa baada ya kazi, zana zote zikiwa zimefungwa, usikilize. Ikijiwasha tena na tena, hewa inavuja kwenye viungo. Pita na povu la sabuni.

La tatu ni feni na pampu kubwa zinazobanwa na valvu au mlango wa hewa. Kuendesha mota kwa kasi kamili na kuibana mbele ni kulipia nguvu usiyoitumia. Kifaa cha kubadili kasi ya mota kinafaa sana hapa, kwa sababu nguvu ya feni na pampu yenye pangaboi ndani hufuata mchemraba wa kasi: punguza kasi kwa asilimia 20, umeme unashuka hadi karibu nusu. Pale ambapo pampu inapandisha maji hadi tangi lililo juu sana, faida inapungua, basi pima kabla.

Maji na shamba

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hesabu hiyo kila mwenye paa anaweza kujipangia. Pima paa kwa kivuli chake chini, yaani urefu na upana wa nyumba pamoja na ukingo, si mteremko wa bati. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20, na ukikadiria kuwa asilimia 85 hufika kwenye tangi, ni lita 1020. Maji ya mwanzo huosha vumbi na vinyesi vya ndege, kwa hiyo weka bomba la kuyatenga lenye koki ndogo chini; kwa paa hilo litenge lita 30 hadi 60 kabla ya tangi kuanza kujaa. Tangi lisipitishe mwanga, liwe na mfuniko, na kila tundu lizibwe kwa wavu wa kuzuia mbu, hata bomba la kumwaga ziada. Maji haya ya paa hayanywewi bila kutibiwa.

Pampu ya sola shambani haihitaji betri. Jua likiwaka pandisha maji kwenye tangi lililoinuliwa, jioni yashuke yenyewe. Tangi halizeeki kama betri. Kupandisha lita 1000 kwa mita 10 kunahitaji kinadharia uniti 0.027 tu, hata pampu yenye ufanisi wa asilimia 40 inatumia chini ya 0.07. Bili ya maji ya shambani hupanda kwa sababu ya mabomba membamba, kona nyingi na maji yanayomwagwa mahali pasipo na mmea. Umwagiliaji wa matone unaweza kufikisha hadi asilimia 90 ya maji kwenye mizizi. Ndoo au pipa lililoinuliwa mita moja linatosha bustani ndogo, mradi uweke chujio. Tundu la tone likiziba, mmea unakufa kimyakimya na wewe unaona bomba zima.

Kama una kijito chenye maporomoko kidogo, tafuta pampu ya hidramu. Haitumii umeme wala mafuta. Mfaransa Joseph-Michel Montgolfier, yuleyule wa puto la hewa ya moto, alitengeneza ya kujiendesha yenyewe mwaka 1796, na kanuni haijabadilika: maji yanashuka kwa kasi, valvu inafunga ghafla, na mshindo ule unasukuma sehemu ya maji juu. Hesabu: zidisha maji yanayoingia kwa kimo cha poromoko, zidisha kwa 0.6, gawa kwa kimo unachotaka kufika. Lita 60 kwa dakika, poromoko la mita 2, tangi mita 15 juu: lita 4.8 kwa dakika, karibu lita 6900 kwa siku, usiku na mchana. Bomba la kushushia maji liwe la chuma. La plastiki laini linatanuka na kumeza mshindo wote.

Bayogesi inataka mtu wa kuilisha kila siku, na swali hilo namuuliza mwenye shamba kabla ya jingine. Ng'ombe 3 wanaolala bandani wanaweza kutoa kilo 30 za samadi kwa siku. Hizo hutoa mita moja ya ujazo ya gesi hivi, ambayo ni moto wa saa 3 kwenye jiko moja. Changanya samadi na maji kiasi kwa kiasi, lita 60 kwa siku. Tope likae siku 50 ndani, kwa hiyo nafasi ya tope ni lita 3000 na mtambo mzima takriban mita za ujazo 4. Penye baridi tope hukaa muda mrefu zaidi, na chini ya nyuzi 15 vijidudu karibu vinalala. Sabuni za kuua vijidudu na dawa za kuogeshea mifugo zisifike humo. Gesi ya kwanza itoe hewani, imechanganyika na hewa. Pitisha povu la sabuni kwenye kila kiungo, kwani methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa inalipuka. Na mtu asiingie kamwe ndani ya mtambo kusafisha, hata ukionekana mtupu. Tope linalotoka ni mbolea. Kwa mashamba mengi niliyoyaona, lina thamani kama gesi yenyewe.

Lililobaki ni mavuno. Mifuko isiyopitisha hewa ilitokana na utafiti ulioanza Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ukiongozwa na Larry Murdock wa Chuo Kikuu cha Purdue, kwa ajili ya kunde. Ni tabaka mbili za plastiki ndani ya mfuko wa kawaida. Wadudu waliomo hutumia oksijeni mpaka inaisha, wanaacha kula, wanakufa bila dawa. Lakini nafaka iingie ikiwa kavu, unyevu usizidi asilimia 13 hivi, la sivyo utafungia ukungu. Ili kupima nyumbani, kausha chumvi kwenye jua au juu ya moto, weka kijiko chake ndani ya chupa kavu ya kioo pamoja na nafaka hadi theluthi moja, funga, tikisa dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, nafaka ina zaidi ya asilimia 15 za unyevu, irudishe juani. Ikianguka chini yote, nafaka iko chini ya 15; ianike tena kidogo ili ikaribie 13, kisha ijaze mfukoni, shindilia mfuko ili kutoa hewa, kunja shingo ya kila plastiki peke yake na kuifunga, kisha funga mfuko wa nje. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya, na usiufungue mwezi wa kwanza.